Usukani Uliopimwa Koridoni

Korido ya nyumba ya binti yangu ina upana wa sentimita mia moja na kumi. Usukani wa baiskeli yangu una sentimita sabini na mbili. Zinazobaki, thelathini na nane, ndizo tunazopitia watu watatu kwenda msalani, kiubavu, tumbo ndani. Nimezipima mwenyewe. Mtu akikaa ghorofa ya tatu miezi mitano hupima kila kitu.

Sikufungiwa kwa kufuli. Nilipasuliwa bega hospitalini, kano zikashonwa, na binti yangu akanichukua kwake nipate mtu wa kunivalisha shati. Hilo lilikuwa jema. Lakini ufunguo wa nyumba yangu uliingia kwenye mkoba wake siku ile ile, na haukutoka. Nyumba yangu iko mlimani, mwisho wa njia ya mawe ya kilomita nne ambayo gari haliipandi, na kwa umri wangu siipandi kwa miguu nikiwa na mzigo. Huwa naipanda kwa baiskeli yenye matairi mapana, na ndiyo iliyoniangusha. Sharti la binti yangu lilikuwa fupi: Jumamosi asubuhi nizunguke uwanja wa chini mara tatu, yeye akiniangalia, bila kukunja uso. Nikiweza, ufunguo wangu. Nikishindwa, nabaki kwake, na nyumba inatafutiwa mpangaji.

Mtaalamu wa viungo alikuwa amenieleza la kufanya. Usukani wangu ulikuwa chini na mbali, nikiushika uzito wote wa kifua unalalia mabega. Uinuliwe, usogezwe karibu, uzito urudi kwenye makalio, ambayo, alisema, hayajapasuliwa. Akacheka. Mimi niliandika.

Nilimwagiza mkwe wangu vifaa dukani: shingo ya usukani iliyo fupi na yenye kuinuka, na usukani mpya uliopinda kumrudia mwendeshaji. Mkwe wangu ni fundi cherehani, mpole, shati lake halikosi vumbi la chaki. Kazi ya kufunga niliifanya mimi, kwa mkono mmoja na nusu, siku nane. Gurudumu la mbele nililibana kati ya kabati la viatu na ukuta ili baiskeli isimame wima nikiikalia. Nikapanda, nikashika, nikasikiliza bega, nikashuka, nikainua milimita tano, nikapanda tena. Vishikio vya breki nikaviinamisha hadi kifundo cha mkono kikanyooka. Kila kipimo kiliingia daftarini. Nilikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini na mmoja, masokoni na maghalani. Mizani hukaguliwa ikiwa imetulia juu ya meza tambarare, na mimi sijui njia nyingine ya kukagua kitu.

Siku ya sita mkwe wangu alisimama akinitazama. Akasema kwa adabu kwamba anaona waya wa breki ya mbele umekaza tangu usukani upande juu, na kwamba yeye suti haimalizi mpaka mteja ainue mikono, ageuke, akae kitini. Kwa nini tusiishushe baiskeli uwanjani, niiendeshe kidogo? Kuishusha kulihitaji mikono yake, na katika nyumba ile nilikuwa nimeshaomba ya kutosha: vifungo, sabuni ya mgongoni, kamba za viatu.

"Mwanangu, hiki ni chuma, si kitambaa," nilimwambia. "Chuma hakina makwapa."

"Sawa, baba," alisema, akapita kiubavu kwenda kazini.

Jumamosi ilifika. Mkwe wangu aliibeba baiskeli begani ngazi zote, mimi nyuma yake nikiwa na kofia ngumu kichwani kama anayekwenda vitani. Uwanja wetu ni saruji tupu kati ya majengo mawili, na kamba za kuanikia nguo upande mmoja. Jirani wa chini, mama tunayemwita Redio kwa sababu habari hazilali kwake, alikuwa dirishani tayari.

"Mzee, leo unatoroka?" aliuliza.

"Leo naruhusiwa," nilimjibu.

Binti yangu alikaa kwenye ngazi ya mwisho, mkoba mapajani.

Nilipanda. Hapa sitii chumvi: bega lilikaa kama limemiminwa mafuta. Mgongo wima, viwiko vimelegea, mikono imetua tu bila kubeba kitu. Nilikwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa uwanja nikiwa na miaka kumi pungufu. Kisha nikakata kona ya kushoto.

Breki ya mbele ilishika yenyewe. Sikuwa nimeigusa. Gurudumu lilisimama papo hapo, la nyuma likanyanyuka, kifua kikagonga usukani, na miguu yangu ikawahi chini kwa bahati tu. Mikono haikuachia. Bega halikulia hata kidogo. Lakini uso ulikunjamana, nalijua hilo, kwa mshtuko, na binti yangu alikuwa akiutazama uso.

Nilielewa kabla pumzi haijarudi. Nilipoinua usukani waya ulibaki na urefu ule ule, ukitosha tu gurudumu likiwa limenyooka. Ukikata kona, unavutwa, nao unavuta breki. Siku nane niliupima usukani ambao haukuwahi kugeuka. Nilimtazama mkwe wangu. Macho yake yalikuwa kwenye waya. Mkwe hamsahihishi baba mbele ya Redio.

"Ni bega, eeh?" binti yangu aliuliza, ameshafika.

Ningesema pale pale. Neno lenyewe lilikuwa moja, waya. Lakini ningelisema mbele ya kijana niliyemwambia chuma hakina makwapa, na jirani ameegemea dirisha kusikia vizuri.

"Nimechoka kidogo," nilisema.

Redio alinipa pole. Mkwe wangu aliibeba baiskeli juu. Binti yangu aliubeba mkoba wake.

Mezani alianza kuzungumza juu ya mpangaji. Kuna mwalimu mmoja anatafuta mahali patulivu, mtu wa heshima. Chumba changu cha huku kingepakwa rangi, nichague mwenyewe. Alisema kwa upole, na upole huo ulinikaba kuliko makaripio. Niliona nitakavyozeeka kati ya kabati la viatu na mlango wa msalani, nikiombwa radhi na kila anayepita. Nikaweka kijiko chini.

"Bega halina kosa," nilisema. "Waya wa breki ni mfupi. Nilikosea mimi."

"Baba, jamani. Sasa unausingizia waya?"

"Ni kweli, mke wangu," mkwe wangu alisema huku akiangalia sahani. "Hata mimi niliuona."

Tulishuka tena wote watatu. Safari hii nilimwomba mwenyewe anibebee. Uwanjani niliugeuza usukani kushoto taratibu, na binti yangu, ameinama, akaziona raba za breki zikilibana gurudumu bila mkono wa mtu. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akanyooka.

"Kwa hiyo bega limepona," alisema.

"Limepona."

"Na pale ulijua ni waya."

"Nilijua."

"Ukanyamaza." Alikuwa akizungumza polepole, kama anayehesabu mishono. "Ulipoanguka mlimani ulikaa siku tisa na bega limechanika, nikikupigia unasema uko salama. Leo nimekuuliza nikiwa mbele yako, hatua mbili. Bega silihofii tena, baba. Nakuhofia wewe. Kule juu, ukianguka, nani ataniambia?"

Niliunyoosha usukani, raba zikaliachia gurudumu. Mkwe wangu alianza kuikagua baiskeli ambayo haikuhitaji kukaguliwa.

Jumatatu alileta waya mrefu zaidi. Tuliufunga kule kule chini, na nikaiendesha: kushoto, kulia, mizunguko kumi na miwili. Redio alipiga makofi. Baiskeli sasa inanikaa kuliko kitu chochote nilichowahi kumiliki, na inalala koridoni.

Mwalimu bado hajajibiwa. Binti yangu amesema hataki nizunguke zaidi, ameshaona. Jana jioni alikuwa akipita kiubavu na beseni la nguo, akauliza, kama anavyouliza kila siku, bega linaendeleaje. Mdomo ulikuwa umeshaanza kusema halijambo.

"Tangu mchana linauma," nilisema. "Nililala nalo vibaya."

Alisimama, beseni limebanwa tumboni.

"Asante, baba," alisema.

Ufunguo hakunipa. Aliniletea barafu, akakaa akiishikilia begani mwangu mpaka ikayeyuka.