Mama Sonia Aenda Ulaya Bila Kuniaga

Tangu Annonciata akanyage Paris bila kuniaga, hasira ilinifanya nisahau hata kutia chumvi kwenye mboga. Sitaki kuficha. Mimi na mwanamke huyo tulitoka Fizi, Kongo, pamoja, tukalala chini ya turubai moja, tukalima bega kwa bega hapa kambini Kashojwa, Uganda, mpaka majirani wakadhani tumezaliwa tumbo moja. Yeye huniita Mama Gradi, mimi humwita Mama Sonia, na nywele zangu hazijui mkono mwingine wa kuzisuka. Halafu mtu kama huyo anapanda ndege kimyakimya!

Jumatatu yeye na mumewe Bienvenu walisema wanakwenda Mbarara, Bienvenu akang'olewe jino. Hapa kambini, mtu akisema anakwenda kung'oa jino, mchunguze. Waliokubaliwa kuhamia ng'ambo huficha mpaka siku basi linapowachukua, kwa kuogopa macho ya watu. Wengine husingizia jino, wengine harusi ya binamu. Lakini hata anayeficha kijiji kizima humnong'oneza mtu mmoja. Mtu huyo mmoja nilidhani ni mimi.

Jumatano picha ya kwanza ikaingia kwenye grupu ya WhatsApp ya kwaya. Bienvenu amevaa suti nisiyoijua, Mama Sonia amevaa kitenge chake cha Noeli, wameketi kwenye meza ndogo, na nyuma yao ule mnara wa Paris na miti iliyojaa maua. Chini Bienvenu ameandika: “Printemps na chérie yangu,” yaani mpenzi wake. Patient, mwalimu wa kwaya, akatueleza kwamba printemps ni majira ambayo baridi inawaachia Wazungu, wanatoka nje kutazama maua. Mezani palikuwa na kiti cha tatu, kitupu, na juu yake mkoba wa Mama Sonia. Niliutazama sana mkoba ule. Mkoba umefika Paris, mimi niko Kashojwa napepeta maharage.

Angani, karibu na ncha ya mnara, alikuwepo mjusi.

“Mijusi ya Ulaya ni minene,” akasema Léopold, shemasi wetu, ambaye hajawahi kukosa jibu. “Banailisha muzuri.”

Alhamisi walikuwa Roma. Mjusi naye alikuwa Roma. Pascaline, jirani yetu wa upande wa chini, akasema labda ni uchafu wa simu. Tukaifuta kwa pindo la kitenge, mjusi akabaki palepale. Ijumaa wakawa Amsterdam, katikati ya shamba la maua mekundu na ya manjano ambayo hayaliwi na mtu wala mbuzi. Mama Sonia, asiyeweza kupita jani la magugu bila kuling'oa, amesimama shambani mikono mitupu anacheka. Jumamosi wakatokea Istanbul, mbele ya msikiti mkubwa, na hapo shemasi Léopold akasimama wima.

“Bienvenu anasilimu!” akasema. “Haiko hata wiki moja!”

Nilipiga simu. Haikupatikana. Pascaline akanicheka akasema laini ya Uganda haiwezi kufika huko, nami nikamwamini, maana moyo ukishaumia unaamini chochote.

Desturi yetu ni hii: anayekwenda ng'ambo hawezi kubeba nyumba, kwa hiyo hugawa vitu vyake. Huyu anapata kitanda, yule jembe, watu wanalia, wanaimba, basi linaondoka. Hawa wawili hawakugawa kitu. Basi Jumapili, baada ya ibada, tukakusanyika uani kwao kuwafanyia kazi waliyoiacha. Ufunguo nilikuwa nao mimi, maana ndimi niliyeachiwa jogoo nimlishe. Ufunguo walinipa, neno moja la kwaheri wakaninyima!

Léopold akachukua viti. Pascaline akajitwika godoro na kuondoka nalo upesi kabla mtu hajabadili mawazo. Patient akachukua redio. Jogoo hagawanyiki, akapikwa. Mimi nikataka sufuria kubwa, ile inayopikia kwaya nzima, ambayo Mama Sonia huisugua kwa majivu mpaka unajiona uso. Hakuna aliyebisha. Jogoo alipoiva tulimpakua kutoka sufuria hiyohiyo, yangu sasa.

Tukaimba wimbo wa kuagana, kisha wakaniambia niseme neno. Nilikuwa nimejiandaa kumsema vibaya. Nilikuwa na mengi.

“Mama Sonia,” nikaanza, “ni mutu mwenye…” Nikalia mbele ya watu wote kama aliyefiwa, na kijiko mkononi.

Ndipo bodaboda kutoka mji jirani wa Rwekubo ikasimama njiani. Akashuka Bienvenu, shavu limevimba. Akashuka Mama Sonia na ule mkoba.

Shemasi Léopold akawa wa kwanza kusema.

“Banawafukuza kule Ulaya?”

“Ni ile jino,” akasema Pascaline, aliyekuwa amerudi kufuata nyama. “Banapima, banaona ni mubovu.”

“Ulaya gani?” akauliza Mama Sonia. “Tulikuwa Mbarara! Jino lilikuwa na usaha, munganga akasema tungojee lipoe. Pembeni ya munganga kuna studio ya picha ya Buruhan. Weye unakaa, yeye anashusha pazia lenye picha ya Paris. Kesho anashusha ingine. Suti ni yake. Hata ule mujusi ni wake, anaishi juu ya pazia.”

Bienvenu alitaka kujieleza, lakini pamba iliyojaa mdomoni haikumruhusu. Mkewe akamsemea: walioana wakiwa mbioni, vita nyuma yao, bila hata picha moja, na sasa alitaka za kufidia. Kuhusu simu, baada ya kwaya nzima kumwagiza makoti ya Ulaya kwenye grupu, bwana mkubwa aliona aibu kusema ukweli. Akawa anatuma picha, kisha anazima.

Watu wakaanza kucheka. Mimi sikucheka. Mama Sonia alikuwa ameiona sufuria.

“Mama Gradi,” akaniita polepole. “Na weye uliamini?”

“Niliamini.”

“Naweza kwenda fasi ya mbali vile bila kukuambia? Miye?” Sasa hasira ilikuwa imehamia kwake. “Ile kiti ya Paris, uliiona? Buruhan alitaka kuiondoa. Nikasema hapana, ile ni ya Mama Gradi. Nikaiwekea mukoba, mutu asiikalie.”

Nikatazama chini. Niliona aibu, na nilifurahi, vyote kwa pamoja, na pua yangu ilikuwa inatiririka.

Faili lao la kuhamia ng'ambo liko ofisini kweli. Mimi najua, yeye anajua. Iko siku litakuja basi lisilokwenda kwa Buruhan.

“Na siku ile ya kweli?” nikamwuliza.

“Siku ile nitaanzia kulia kwako,” akasema. “Bienvenu atanitafuta mpaka achoke.”

Viti vikarudi, redio ikarudi. Godoro lilirudi kesho yake likinuka mkojo wa watoto wa Pascaline. Bienvenu, kwa kuwa hakuweza kutafuna, alipewa mchuzi wa jogoo wake mwenyewe, na akaomba aongezwe.

Sufuria sikurudisha. Mama Sonia akiwa na wageni huja kuiazima, anapika, anaisugua kwa majivu, ananirudishia. Amenisihi, amenitania, amenishitaki kwa shemasi. Kijiji kinasema nina roho mbaya. Wacha waseme. Yule mwanamke anaipenda ile sufuria kuliko suti yoyote ya Bienvenu, na hawezi kupanda ndege bila kuja kuiona. Nimeiweka karibu na mlango.