Kreti Mia Nne

Walimwita Bi Kreti, na jina hilo halikumkera. Kwa miaka tisa katika ghala la chama cha wakulima, kila kreti ya plastiki iliyopeleka nyanya sokoni ilirudi mikononi mwake: akaisugua, akaianika, akaipanga kwa safari nyingine. Zilizovunjika mshikio alizifunga waya, zikaendelea kula chumvi.

Jumatatu moja asubuhi alipokelewa na moshi mweusi. Nyuma ya ghala alimkuta katibu wa chama, mume wa mdogo wake, kasimama kando ya moto, leso puani. Kreti zilikuwa zinayeyuka.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Tunahamia maboksi ya karatasi. Mnunuzi anataka vifungashio rafiki wa mazingira. Kesho anakuja kupiga picha, hataki kuona plastiki hapa."

"Kwa hiyo mnaichoma."

"Tungezipeleka wapi?"

Bi Kreti alivuta mpira wa maji, akaufungulia wote. Viatu vya katibu vililowa, wala Bi Kreti hakumtaka radhi. Katika kreti mia nne, aliokoa sitini na mbili.

Akaingia ndani, akachukua boksi jipya lililochorwa jani la kijani, akarudi nalo nje, akalichana kwa kucha mbele ya katibu na wakulima waliovutwa na moshi. Ndani lilikuwa limebandikwa karatasi ya nailoni.

"Hili haliozi wala halirudi," alisema. "Safari moja, jalalani. Umechoma plastiki ili ununue plastiki iliyovaa kanzu."

"Usinitie aibu mbele za watu, shemeji."

"Aibu umeivaa mwenyewe. Mimi nimekuonyesha kioo tu."

Kesho yake mnunuzi alipofika na kamera, Bi Kreti aliingia na bonge la plastiki iliyoungua, akalitua mezani katikati ya vikombe vya chai. Akaeleza lilikotoka, neno kwa neno. Mgeni aliinamisha kamera. Kabla ya adhuhuri katibu alikuwa amemfukuza Bi Kreti kazi.

Wakulima saba walijitoa chamani wakamfuata, wakabeba kreti alizookoa ambazo chama hakikuzitaka tena. Sasa wanapeleka nyanya katika jiko la hospitali kwa zile kreti sitini na mbili, na anaziosha yeye. Chama bado kinatumia maboksi. Mvua ikinyesha, yanalegea, na nyanya za chini zinapondeka.

Mdogo wake alikuja kumsihi wapatane. Bi Kreti alimkaribisha, akampa kiti.

"Wewe ni damu yangu, njoo hata kila siku," alimwambia. "Ila mumeo asikanyage hapa. Bado nausikia ule moshi kooni."