Daraja Linaloishia Katikati

Fenglian alijifunga mkanda wa kiuno, ule mpana wa mpira alioandikiwa na daktari, akauvuta mpaka pumzi ikamkata. Ndipo akainama kumvalisha binti yake viatu. Vilikuwa vyekundu, na soli zake safi kama zilivyotoka dukani, maana miguu ya Yuhe haijawahi kukanyaga chini.

“Leo hunibebi,” Yuhe akasema.

“Leo sikubebi.”

“Sema tena.”

“We mtoto, utanichosha kabla hatujatoka. Leo unavuka mwenyewe, basi.”

Hapa kwetu, jioni ya mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka, kila mtu huvuka Daraja la Mawe. Unapanda upande wa magharibi, unashuka mashariki, na maradhi ya mwaka mzima unayaacha nyuma. Sharti ni moja, usirudi ulikotoka; nyumbani utafika kwa njia nyingine. Anayegeuka juu ya daraja ameyafuata maradhi yake, na ya wenzake pia, anayarudisha nyumbani. Wako wanaosema hayo ni ya kizamani. Wanayasema mchana, jioni ikifika utawakuta kwenye foleni na wao.

Ngazi za daraja hilo zimelika katikati kwa miguu ya watu. Tangu Yuhe azaliwe, Fenglian alikuwa akimvusha mgongoni, na watoto wa shule hawakuacha kumwambia kwamba haihesabiwi: aliyevuka ni mama, yeye alikuwa mzigo. Sasa Yuhe yuko darasa la tano, ana mwili, na mgongo wa mama yake umekwisha. Mwaka jana walikaa ndani wakasikiliza fataki za wenzao.

Ndipo mwaka huu ofisi ya mtaa ikalaza mteremko wa mbao juu ya zile ngazi, na bango jekundu juu yake: KILA MTOTO ATAVUKA. Katibu Geng mwenyewe alikuja nyumbani na mfuko wa machungwa.

“Mama Yuhe, mwaka huu mwanao ndiye mgeni wetu. Kuna mkubwa anatoka mkoani kuja kuona. Mvalishe vizuri, eh? Asikae kinyonge kinyonge.”

Alipoondoka, Fenglian alilia kwa furaha. Aliona haya pia, kwa jinsi alivyoisema vibaya ofisi hiyo mbele ya watu sokoni.

Chini ya daraja, jirani yao Bibi Tao alikuwa akiuza vitonge vya unga wa mchele kwenye mchuzi wa tangawizi. Alimjazia Yuhe bakuli, akakataa hela.

“Kula, mjukuu wangu, upate nguvu za kusukuma. Nafunga biashara sasa hivi, namchukua huyu mjukuu wangu mwingine, tunakuja nyuma yako. Ukifika ng'ambo nitakupigia makofi mpaka viganja viwake moto.”

“Usinipite lakini, bibi.”

“Na magoti haya? Nikupite wapi?”

Yuhe alishika magurudumu ya kiti chake kwa mikono yake mwenyewe. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga kwa kamba taa yake ya karatasi, sungura mwenye vigurudumu vinne, naye sungura akafuata akitikisa masikio. Mama alitembea karibu, mikono ameinyoosha bila kugusa. Watu walikuwa wengi na hakuna aliyepisha.

“Angalieni hicho kiti jamani, mguu wangu.”

“Si mngekuja mapema nyie?”

Yuhe alisukuma, akapumzika, akasukuma. Daraja letu limeinuka sana, kama mgongo wa paka, na ukiwa chini huoni upande wa pili. Alipofika juu uso ulikuwa umelowa jasho, na mkubwa wa mkoani alikuwa amesimama hapo anamngoja. Aliinama akamshika mkono, kamera zikawaka.

“Umefurahi?” akamuuliza.

“Nitafurahi nikifika ng'ambo, babu.”

Watu wote walicheka. Mkubwa akampapasa kichwa, akasema mtoto ana akili sana huyu, kisha akashuka upande wa mashariki na watu wake, gari lilikuwa linamsubiri.

Yuhe akasogeza kiti mbele ili amfuate. Akakisimamisha.

Upande wa mashariki ulikuwa ngazi tupu, mpaka chini. Fenglian alichungulia ukingo wa kushoto, akachungulia wa kulia.

“Katibu, mteremko uko wapi?”

“Si mmeupanda sasa hivi?”

“Wa kushukia.”

Katibu Geng alikuwa anaangalia picha kwenye simu. “Mama Yuhe, mtaa wetu unaishia hapa, katikati ya daraja. Kule ni mtaa wa mashariki. Siwezi kuweka mbao zangu kwenye ngazi za watu.”

“Ulisema atavuka.”

“Nilisema atakuwa mgeni wetu. Na amekuwa. Mkubwa kafurahi, umemwona mwenyewe.”

Fenglian alijiona mjinga kwa yale machozi ya siku ile, yalimuuma kuliko mgongo.

“Mama,” Yuhe akasema kwa sauti ndogo, “basi nibebe.”

Fenglian alichuchumaa, akaukaza mkanda, akamvutia mtoto mgongoni. Akajaribu kuinuka. Mgongo ukakataa, magoti yote mawili yakapiga kwenye jiwe. Wanaume wawili waliokuwa wakipita wakasimama.

“Tumshushe na kiti chake, dada. Ni ngazi chache tu hizi.”

“Hapana, hapana,” Katibu Geng akadakia. “Mawe yamelowa. Mtoto akianguka leo, na mkubwa hajafika hata barabara kuu, nani atajibu? Mtaandika majina yenu nyie?”

Wale wawili wakatazamana, wakaendelea na safari yao.

“Mrudishe alikopandia, Mama Yuhe. Mteremko si upo?”

“Hapa hageuki mtu, katibu. Unajua.”

“Hayo mambo ya kizamani, sisi ofisini hatuyaamini,” Katibu Geng akasema. Alifunga vifungo vya koti, akashuka upande wa mashariki bila kugeuza hata shingo.

Kutoka chini, magharibi, mafundi walioulaza ule mteremko walikuwa wanaita: “Shukeni basi huko juu! Mbao zinangojwa kwenye jukwaa la ngoma!”

Fenglian akakigeuza kiti. Gurudumu likampanda sungura, taa ikazimika.

Na hapo ndipo njia ilipopatikana. Watu wale wale waliobanana jioni nzima walijibandika kwenye kingo, huku na huku, nafasi ikatosha kupita mkokoteni. Mmoja alijifunika pua kwa skafu. Katikati ya mteremko alikuwepo Bibi Tao, amemshika mjukuu wake mkono. Alimwona Yuhe. Kisha akakivuta kichwa cha mjukuu akakificha ndani ya koti lake, na yeye mwenyewe akageukia ukingoni.

“Samahani, bibi,” Yuhe akasema.

Alimwambia na aliyefuata, na wa upande wa pili. “Samahani. Samahani, shangazi. Samahani.” Mama yake, nyuma, alikuwa amekishikilia kiti kwa nguvu zake zote kisiteremke peke yake, hakuweza hata kumwekea mkono begani.

Chini, mafundi waliokuwa na haraka walirudi nyuma hatua kadhaa. Walingoja mpaka kiti kikafika mbali. Kisha wakavaa glavu, ndipo wakazigusa zile mbao.