Kitabu Kilichowekwa Tumati

Mwalimu Fransiska wa shule ya Maretadu alikuwa na masharti mawili tu. Watoto wachague wenyewe kitabu bora cha mwaka, bila mkubwa kuwanong'oneza. Na mpiga kura awe amesoma vitabu vyote vitano vinavyoshindanishwa na kurudisha alichoazima. Aliyepoteza kitabu, kura yake imeota mbawa.

Judith wa darasa la tano alikuwa amevisoma vyote. Kura yake ilikuwa ya kile cha fisi mwoga, na hicho ndicho ambacho siku ya Jumanne hakukiona nyumbani.

"Nimekiweka kijijini Tumati, kwa rafiki yangu Gervasi," baba yake, Hhando, alimwambia huku akikamua ng'ombe.

"Baba, ni cha shule. Ijumaa tunapiga kura."

"Si ulishakimaliza? Gervasi ana watoto, na kwako kimekaa tu."

Judith alitamani kulia. Kwao mtu hafungi ng'ombe wote zizini kwake. Mmoja humweka kwa rafiki wa kijiji kingine, rafiki akanywa maziwa, na hakuna anayetaja siku ya kumrudisha. Hhando, ambaye darasa hakuliona hata siku moja, alikuwa amekipa kitabu heshima kubwa kuliko zote alizozijua. Utamgombezaje mtu wa namna hiyo? Judith hakumgombeza. Alinuna tu, na kununa kwake kuliijaza nyumba. Alhamisi asubuhi baba akachukua fimbo yake akaondoka.

Ijumaa saa nne watoto walipanga foleni mbele ya makopo matano, kila mmoja na punje yake ya harage mkononi. Judith alikaa pembeni, mikono mitupu. Foleni ilikuwa imebakiza watoto watatu Hhando alipoingia na vumbi lake, kitabu amekifunga kwenye kitenge, na nyuma yake watoto wawili wa Gervasi.

"Shikamoo, mzee," alisema mwalimu.

"Marahaba. Kosa ni langu, mwalimu. Mtoto hana kosa."

Mwalimu alikipekua kitabu. Kilikuwa na doa la uji, lakini kurasa zote zilikuwepo. Akampa Judith harage lake.

"Na sisi tunampigia fisi," alisema mkubwa wa wale wawili.

"Mmesoma vingapi?"

"Hicho tu."

"Basi bado," alisema mwalimu. Walipoinamisha vichwa, akavikusanya vile vinne vingine na kufungua daftari la kuazima. "Mwakani mtapiga. Nani anawachukulia hivi?"

Hhando akamtazama binti yake. Judith akaandika jina la baba yake kwenye daftari, polepole, kwa mwandiko wake bora, naye Hhando akaweka dole gumba pembeni.

Fisi alishindwa kwa kura moja. Iliuma, na Judith hakuficha. Njiani kurudi, alimpokea baba yake fimbo.

"Asante, baba."

"Kwa kukifuata?"

"Kwa kukipeleka."