Herufi za Darubini

Gauni la harusi lilishushwa kwenye duka la vipuri vya matrekta, na bibi harusi akafungua boksi mbele ya mashangazi zake akakuta pampu ya maji. Kampuni ya vifurushi ikachekwa mji mzima. Lawama zote zikamwangukia binti wa dawati la usafirishaji, ambaye wenzake walimwita Mama Kichanga kwa kuwa alikuwa ametoka uzazi juzijuzi.

Msimamizi wao walimbandika jina la Darubini, kwa jinsi alivyoona makosa ya watu kutoka mbali. Aliwakusanya wote, akamsimamisha binti mbele ya kompyuta.

"Waonyeshe wenzio ulipoteleza."

Akaonyesha. Jedwali lilikuwa herufi za kijivu juu ya weupe, ndogo kama chawa, mistari imebanana. Jina la mzigo lilikaa kushoto kabisa, mji unakokwenda kulia kabisa, na katikati safu chungu nzima zisizomsaidia mtu. Jicho likisafiri kutoka huku hadi kule, linashuka mstari mmoja bila kujijua.

"Bosi, hili jedwali lenyewe..."

"Jedwali nimelipanga mimi! Nilitaka vyote vienee kwenye skrini moja. Wenye macho wanaona. Wewe akili umeiacha kwenye nepi."

Watu wakacheka, wengine kwa woga tu. Kesho yake Mama Kichanga akahamishiwa stoo, zamu ya kutoka jioni. Kule katikati ya maboksi maziwa yalimjaa yakamlowesha blauzi. Darasa lake la kompyuta la jioni akawa anaingia somo limefika nusu, na nyumbani anamkuta mwanawe keshalazwa na bibi yake. Akimwangalia kitandani, vidole vimefumbata hewa, anamnong'oneza, "Baba, kile kiti nitakirudia. Na yule mtu nitamlipa."

Alifikiria kumvurugia jedwali lake. Lakini hapo wangeumia wateja, na yeye alimtaka Darubini peke yake.

Ndipo akaanza kumchunguza. Ujumbe ukiingia kwenye simu, Darubini anaisogeza mbali mkono mzima kama anayempigia mtu picha, halafu anamgeukia Dada wa Kaunta: "Hebu nisomee, nina haraka." Orodha ya mizigo pia husomewa. Mama Kichanga nusura aangushe boksi. Kumbe mtu huyu alikuwa amepanga jedwali asiloweza kulisoma mwenyewe!

Mwalimu wa jioni alikuwa amewaambia, "Chukueni jedwali linalowaumiza macho, mlitibu." Akalitibu. Mji akausogeza jirani na mzigo. Safu zisizo na kazi akazificha. Uzito akaupanga upande wa kulia, mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi. Vichwa vya safu akavibana juu, visipotee mtu akiteremka. Mstari mmoja mweupe, wa pili rangi hafifu, na ule unaoguswa unang'aa wote. Herufi nyeusi, kila mtu azikuze apendavyo.

Akampelekea mkurugenzi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni.

"Hee!" mkurugenzi akasema. "Leo ndiyo naiona mizigo yangu. Wawekee wote."

"Sawa, mama. Na labda kila mmoja atume kwa mkono wake, bila kusomewa, ili tujue nani kafanya nini."

"Vizuri sana."

Darubini akakataa. "Mimi mniachie langu. Siyo mtoto wa chekechea nipakwe rangi."

"Nitakuachia kama lilivyo, bosi," Mama Kichanga akajibu, kwa utamu uliomfanya Dada wa Kaunta amtazame mara mbili.

Akasubiri. Asubuhi moja ikaja mashine ya kusaidia watoto wachanga kupumua, ya kliniki ya mji wa pili. Mkurugenzi mwenyewe alisimama pale. "Msimamizi, itume sasa hivi."

Stoo, mstari ukang'aa kwenye skrini ya Mama Kichanga. Mashine ya watoto: mnada wa ng'ombe. Wapakiaji walikuwa wameshaibeba.

Moyo ukamruka kwa furaha, hasa. Akinyamaza tu, hadi jioni Darubini hana kazi. Halafu akamfikiria mama asiyemjua, amekaa kliniki na kichanga chake kinachotweta, anatazama mlango.

"Shusheni hiyo!" akapiga kelele. Akahakikisha imewekwa chini, kisha akaenda ofisini, hakukimbia.

"Bosi, mashine ilikuwa inakwenda mnadani. Nisomee mstari uliotuma."

Darubini akarudisha kichwa nyuma, akakunja uso, akasogea mbele, akarudi tena. Dada wa Kaunta akafungua mdomo.

"Asisaidiwe," mkurugenzi akasema.

 Jasho likamtoka Darubini kwenye kipara.

"Sioni," akasema mwishowe.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi, mama."

Mkurugenzi alizungumza taratibu, na hilo lilikuwa baya kuliko makelele. Mashine ipelekwe kliniki kwa gari lake mwenyewe. Mama Kichanga arudi dawatini, zamu yake ileile ya asubuhi. Na msimamizi awekewe jedwali analoweza kusoma.

Mama Kichanga akaliweka kwa upendo wote. Akakuza herufi, akakuza tena, mpaka skrini ikabaki na mistari mitatu, minene, myeusi, inayosomeka kutoka mlangoni.

"Mama," Darubini akanong'ona, "zipunguze kidogo basi. Watu wanapita."

"Nikipunguza hutaona, bosi wangu. Mimi nakujali."

Nje ya kaunta, mteja wa mwisho kwenye foleni akanyoosha kidole. "Ule wa katikati ndio wangu, mzee! Bofya basi!"

Foleni nzima ikaangua kicheko, na Darubini akabofya.