Pikapu ya Kubebea Vioo

...taratibu basi, anasema kutoka nyuma, kanyaga taratibu, mama, si mende huyo unamponda, na mimi nakanyaga taratibu, injini inapanda kidogo, inashuka, naye mume wangu kule nyuma ameinamia kile kipande cha kioo alichokilaza kwenye bodi, kakileta mwenyewe kutoka nyumbani kimeviringishwa kwenye blanketi, muuzaji wa magari alipomwona anafungua blanketi alidhani ni silaha, maskini, akarudi nyuma kidogo, mume wangu akamcheka, akamwambia gari la fundi vioo halichaguliwi kwa macho, bwana, linachaguliwa kwa sikio, kioo kikilia kwa sauti nyembamba ujue springi ni ngumu, hilo litakuvunjia mali kabla hujafika kona ya kwanza, kikinguruma kwa sauti nzito, chukua, na muuzaji akacheka kwa adabu, mtoto wa watu, shati limenyooka utadhani limepigwa pasi likiwa mwilini, sasa yuko hapa dirishani kwangu ameegemea mlango, anasubiri, ameuliza swali na mimi sijamjibu, kauliza tena, "Mama, ili niwashauri vizuri, hili gari ataendesha nani zaidi?"... swali dogo tu, la kazini, nina hakika kila mteja anaulizwa, na mimi nimejifanya sisikii kwa sababu ya injini, asante injini, unguruma tu.

Ile ya kwanza aliyotuonyesha ilikuwa nyeupe, dabo kabini, viti vya ngozi, redio yenye kioo kama televisheni, ndiyo binti yetu anayoitaka, kasema jana kwenye simu, "Mama, nunueni gari la kupumzikia sasa, nyie watu wazima jamani," na mzee akaninyang'anya simu, akamwambia viti vya nyuma atakaa nani, tuko wawili tu, tuwe tunapakia majirani? halafu bodi fupi vile nitabebea nini, leso? na binti akacheka kule mbali aliko, hajui, hajui chochote, baba yake kanikataza nisimwambie, asije akaacha kazi yake akaja kutukalia kichwani... basi tumerudi kwenye hii, kabini moja, bodi ndefu, kiti kimoja kirefu cha mbele kisichokatwa katikati, na nilipokaa tu mkono wangu ukaenda wenyewe ukapapasa hicho kiti, pale katikati, pale ambapo kwenye gari letu la zamani alikuwa anakaa yeye mtoto akiwa na sare ya shule, miguu huku na huku ya giya, baba yake kila akitaka kuingiza giya ya pili anasema "goti, goti," na mtoto anavuta goti, tulikuwa tunakwenda hivyo kila asubuhi, goti, goti, hata siku moja mwalimu alimwita ghafla darasani na yeye akavuta goti, tulicheka nyumbani mpaka nikashika ukuta, ee, tulicheka sana kwenye gari lile. Bi Harusi, ndivyo watu walivyoliita, kwa sababu likipakia vioo lilikwenda polepole kama msafara wa arusi, nyuma yake foleni ya magari yanapiga honi, na yeye mzee mkono nje ya dirisha anawapungia kama anashukuru kwa pongezi, halafu lilioza, chasisi imeliwa na kutu, makanika akalizunguka akasema mzee hili sasa ni la kuombewa, na siku walipokuja kulichukua hakutoka ndani, alisema anatafuta miwani, miwani ilikuwa usoni kwake.

Miwani. Mpya, nzito, haikusaidia kitu. "Ongeza kidogo," anasema, naongeza, "hapo hapo, usiachie," na muuzaji ananitazama, anatabasamu, anasema mzee wako ni mtaalamu kweli, nasema ndiyo baba, ni kweli, nani atabisha, mtu anainamisha kichwa hivyo utasema ana miaka thelathini, hata mimi nikimwangalia kwenye hiki kioo cha pembeni naona bega lilelile, kofia imegeuzwa nyuma ileile, na kwa kidogo tu moyo unanidanganya kwamba tumekuja kununua gari kama watu wengine, tutalipeleka nyumbani ataliendesha yeye, kesho tutapakia... lakini daktari wa macho alisema wazi, tulikuwa wote wawili pale, chumba kina giza, ile mashine ya kuwekea kidevu, akasema presha ya macho imekula mishipa, kilichokwenda hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki ni kama mtu anayechungulia kwenye tundu la funguo, ndivyo alivyosema, na gari, mzee, gari sasa basi, na mume wangu akamshukuru, akampa mkono, mkono ukapita pembeni kidogo daktari akaufuata, na tulipotoka nje akasema jua kali leo, basi, hilo tu, jua kali, na juma lililofuata akaanza habari ya pikapu mpya, yenye bodi hivi, yenye springi hivi, kila jioni pikapu, nami nikawa naitikia, ndiyo, ndiyo, tutatafuta, kwa sababu ningesema nini, unamwambiaje mtu aliyeangaza nusu ya mji huu, madirisha yale ya hospitali ni yake, milango ya benki ni yake, vioo vya saluni, makabati ya duka la dawa, tulikuwa tukipita barabarani anahesabu, hicho changu, hicho changu, kile si changu ndiyo maana kimepinda, na mwaka jana alipougonga mlango wa kioo wa pale benki, mlango alioupachika yeye mwenyewe, damu puani, watu wamesimama, akasema wameusafisha mno, hiyo ndiyo sifa ya fundi, na wote wakacheka, nami nikacheka, nikampangusa pua nikiwa nacheka.

Mficha maradhi kifo humuumbua, mama yangu alikuwa anasema, lakini mama yangu hakuwahi kuolewa na mtu mcheshi... maana mcheshi anakufichia ukiwa unamwona. Mwezi uliopita tumeazima gari la seremala, yeye kwenye usukani, mimi pembeni, na mimi nasimulia barabara kama yule wa redioni anayesimulia mpira, tazama watoto wale wanavuka, eh huyu wa baiskeli naye, taa imekuwa nyekundu leo inakawia, na yeye anaitikia "nawaona," "namwona," akikanyaga breki baada ya maneno yangu, si kabla, kila mara baada, halafu nikakohoa, nikakohoa tu kidogo, nikanyamaza pumzi mbili, na ile pikipiki iliyokuwa mbele yetu muda wote akaikwepa kwa kukata usukani dakika ya mwisho, akasema huyu naye katokea wapi, hakutokea popote, mume wangu, alikuwa mbele yetu toka kituo cha mafuta... nikasimulia barabara mpaka nyumbani bila kukohoa tena. Na bado nimekuja hapa. Nimevaa gauni zuri nimekuja kumchagulia gari la kufia, au la kuulia mtoto wa mwenzake, kwa sababu ya kuogopa kumvunjia heshima mbele ya kijana mwenye shati. Ningependa nini basi, nikiulizwa mimi, mahitaji yangu ni nini, muuzaji anasema kila mtu anunue kwa mahitaji yake... mimi nahitaji ile miaka ya kwanza, kijana, mnayo hapo nyuma? tulipokuwa hatuna hata zile mbao za kuegemezea vioo, mimi nilikuwa mbao, nimekaa nyuma kwenye bodi miguu nimeitanua, viganja viwili kwenye kioo, namshikia kisiyumbe, na kioo kimesimama mbele ya uso wangu kimejaa barabara, mawingu, waya za umeme, miti inakimbia kinyumenyume, na mimi katikati na kitambaa kichwani nikijiangalia nilivyo mzuri, ndiyo, nilikuwa mzuri, na siku ile ya kioo cha saluni, kile kikubwa, tuliposimama kwenye mataa watu wote wa kituo wakageuka, mmoja akatoa kichana, mama mmoja akafunga vizuri kilemba chake, mwanaume mzima akakagua meno, na hakuna aliyeniona mimi niliyekishika, nilibana kicheko mpaka machozi, na mzee akapiga bati la kabini kwa ndani, paa paa, yaani uko salama? nami nikapiga kwa nje, paa paa, niko salama, tulikuwa tunazungumza hivyo safari nzima, mimi na mume wangu, kwa kupiga bati.

"Mama?" anasema muuzaji, "au ni nyote wawili?" na nasema ngoja kidogo baba, namsikiliza mzee, na mzee kweli anasema, "Sauti nzito! Mnasikia? Nzito kama mhubiri," kafurahi, kafurahi vile sijamwona tangu siku ya daktari, kaweka kiganja juu ya kile kioo... na sijui kwa nini ni kiganja ndicho kilichonikumbusha ngazi. Jengo la mawakili, ghorofa ya tatu, lifti haipandi kioo kikubwa, lazima ngazi, na asubuhi ile tulikuwa tumegombana, ugomvi wa kweli, wa kurushiana maneno ya ndugu, wala sikumbuki chanzo, ila nakumbuka nilisema leo sibebi, naye akasema kioo hakibebi hasira, iache hapo chini utaichukua ukishuka, ndiyo sheria yake hiyo, wanaobeba kioo hawagombani, maana mkigombana mmoja anavuta na mwingine anasukuma, kioo kinapasuka kabla ya ndoa. Tukabeba. Yeye juu, yeye siku zote ndiye wa kupanda kinyumenyume, mgongo unatangulia, hatazami, hawezi kutazama, kioo kiko usoni kwake, na mimi chini ndiye ninayeona, ngazi, nasema, ngazi, ngazi, kona mkono wa kulia, tua, inua, ngazi, na yeye anakwenda, hajawahi kusema una hakika? hajawahi kupapasa kwa kisigino kuhakikisha, nikisema ngazi anainua mguu, nikisema tambarare anautua, mpaka ghorofa ya tatu tumelowa jasho na ugomvi wenyewe umeshakufa njiani, hatukuukuta tuliposhuka. Miaka yote hiyo. Siku zote ni mimi ninayeona na ni yeye anayekwenda, na hakuna siku aliona aibu, watu wamejaa kwenye ngazi, mawakili, makarani, mimi namwambia inua mguu na mwanaume mzima anainua mguu, sasa aibu ni ya nini, ya nani, nani kati yetu anaona aibu kama si mimi?

Leseni ninayo. Imo humu kwenye mkoba, nimekuwa naihuisha kila ikiisha na yeye ananitania, leseni ya mapambo hiyo, itundike ukutani, lakini alinifundisha yeye, na Bi Harusi lile lilikuwa na klachi ngumu kuliko ya hili, alisema endesha kama kuna mtu mgonjwa amelala nyuma na hutaki aamke, nami niliweza, halafu nikamwachia kwa sababu alipenda mno kuendesha na mimi nilipenda mno kumtazama. Kukata kioo naweza, kupaka puti ya kushikizia kioo naweza, kupima anapima yeye kwa vidole bado, vidole havijaumwa, wateja wanamtaka yeye wamsikie akiwatania, sawa, atawatania, kazi ipo, kumbe kazi ipo, si lazima bodi fupi wala viti vya ngozi... ni hili hili. Na ninageuza kichwa, natazama upande wa pili wa kiti, upande wa abiria, na moyo unashtuka kidogo, kwa sababu tumezunguka yadi hii toka asubuhi, amekaa kwenye usukani wa kila gari, kapima miguu kwenye klachi, kapima mgongo, na hakuna mtu, si yeye, si mimi, si muuzaji, aliyeufungua ule mlango. Kidaraja cha kukanyagia kiko juu au chini? kuna pa kushika? mtu akipanda bila kuona vizuri kichwa hakigongi hapo juu? vitu vya kujua hivyo, ndivyo mahitaji yetu hivyo, na sisi tunasikiliza springi. "Kanyaga tena, mama!" na nakanyaga, taratibu, muuzaji bado ameegemea mlango, swali bado liko mdomoni mwake, jua lilelile, injini ileile, na ninajua nitakavyosema, nitasema kwa sauti, sitamnong'oneza kijana wa watu, yeye kule nyuma asikie, akasirike kama ni kukasirika, tutakasirikia nyumbani, nitasema nitaendesha mimi, baba, mimi ndiye dereva, hebu mfungulie mume wangu mlango wa upande ule, tuone kama atapanda bila kushikwa mkono.