Shati la Mwalimu na Kichwa cha Bibi Harusi

Mume wangu ni mwalimu wa uchumi, na ukimpa nafasi atakufundisha hata ukiwa unapiga mswaki. Asubuhi ile alikuwa anamngoja mkaguzi. Mara ya mwisho alipokaguliwa nusu ya darasa ilisinzia, na mwalimu mkuu akamwambia wazi kwamba wakisinzia tena, kidato cha kwanza atapewa mwingine. Naye aliwapenda mno watoto wale.

Mimi nami nilikuwa na langu. Saluni yangu, yaani chumba chetu cha mbele, ilikuwa imepata bibi harusi wake wa kwanza. Ameketi na rola kichwani, maji yanamchuruzika, umeme ukakatika.

Tukawasha jenereta. Mafuta yenyewe kiduchu, na kituo cha mafuta kilikuwa bado hakijafunguliwa.

"Pasi kwanza, mke wangu," akasema, shati begani.

"Na huyu aende kuolewa kichwa kimelowa?"

"Basi tugawane, haki sawa!" Kabla sijamzuia, akachomeka pasi na draya kwa pamoja. Jenereta likakohoa, likatetemeka, likazima. Mwalimu wa uchumi huyo! Nilimpa maneno ambayo bibi harusi hakupaswa kuyasikia siku kama ile.

"Mshika mbili moja humponyoka, mwalimu," bibi harusi akachombeza.

Tulipoliwasha tena lilikuwa linanguruma kwa kusuasua. Mume wangu akalitazama shati, akanitazama mimi, akachomoa pasi.

"Mkaushe," akasema. Akalivaa shati na mikunjo yake, akaondoka. Nilimwonea huruma hadi machozi yakanilenga.

Jioni alirudi anacheka peke yake. Wanafunzi walikuwa wamemcheka, mmoja akathubutu kuuliza, "Mwalimu, kwenu hakuna pasi?"

"Ipo," akamjibu. "Mafuta ndiyo hayakutosha." Akawasimulia yote, hata ule ujinga wa kuchomeka vyote viwili. "Nywele za bibi harusi zilinigharimu mikunjo hii. Ukichagua hiki, kile ulichokiacha ndiyo bei yake."

Hakuna aliyesinzia. Kila mtoto alikuwa na la kwao: maji ndoo moja, uoge au ufue, kitanda kimoja, nani alale chini.

"Na mkaguzi?" nikauliza.

"Aliandika tu. Hata kutabasamu hakutabasamu."

Wiki nzima hatukusikia neno.

Jumamosi akaingia saluni mama mmoja, miwani puani, akaketi bila kukaribishwa. "Mikunjo nimeshaiona darasani," akasema. "Leo nimekuja kuona ilinunua nini."

Nikajua ndiye mkaguzi, nikamtengeneza kichwa kile kuliko vichwa vyote. Nilikuwa namkausha, jenereta linanguruma, mume wangu alipotokea mlangoni, shati mkono huu, pasi mkono ule. Alipomtambua mteja wangu akaganda.

"Subiri zamu yako, mwalimu," mkaguzi akamwambia kupitia kioo, bila kugeuka. "Nimeshamwambia mkuu wako kidato cha kwanza kibaki kwako. Pasi ya nini tena?"